ELIMU YA AFYA: Miaka Baada ya Matibabu ya Saratani ya Mapafu, Madaktari Huikadiriaje?

Mtu anapogunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, swali la kwanza la familia huwa moja: ataishi kwa muda gani? Baadhi ya familia husikia jibu nusu, zikauza shamba kwa haraka. Nyingine hukata tamaa na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Ni vyema wakazi wa Thika, Ruiru na kaunti nzima waelewe makadirio haya yanatoka wapi.

Mambo manne yanayopimwa

1. Hatua ya ugonjwa. Saratani hugawanywa katika hatua 4. Hatua ya 1 iko ndani ya pafu pekee. Hatua ya 4 imesambaa hadi viungo kama ubongo, ini au mifupa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ugonjwa ukigunduliwa kabla haujatoka nje ya pafu, zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka 5. Ukishafika viungo vya mbali, ni takriban mmoja kati ya 10.

2. Aina ya saratani. Aina ya seli ndogo husambaa kwa kasi. Aina nyingine, ambazo ndizo nyingi, huenda polepole zaidi. Ndiyo maana daktari huchukua kipande cha uvimbe na kukipeleka maabara. Wagonjwa wengine hupimwa pia jeni, kwa kuwa kuna vidonge vinavyolenga mabadiliko fulani ya jeni.

3. Nguvu za mgonjwa. Anayetembea, kuoga na kula mwenyewe kwa kawaida huhimili matibabu kuliko aliyelala kitandani mchana kutwa. Kupungua uzito sana ni dalili mbaya.

4. Uvutaji wa sigara. Anayeacha sigara hata baada ya kugunduliwa huongeza uwezekano wa kuishi zaidi.

Kuelewa tarakimu

Daktari akisema "miezi 12", mara nyingi ana maana kwamba nusu ya wagonjwa wa aina hiyo waliishi chini ya miezi 12, na nusu wakaishi zaidi, wengine kwa miaka mingi. Hiyo si tarehe ya kifo. Isitoshe, takwimu za miaka 5 hutokana na watu waliotibiwa zamani, kabla ya baadhi ya dawa za sasa.

Usisubiri

Kikohozi cha muda mrefu, makohozi yenye damu, maumivu ya kifua na kukonda ni dalili za kifua kikuu na za saratani pia. Anayekohoa kwa zaidi ya wiki 2 afike katika kituo cha afya kilicho karibu, Hospitali ya Ruiru au Thika Level 5, apimwe makohozi na kupigwa eksirei. Ikiwa dawa za kifua kikuu hazileti nafuu, arudi mapema; asingoje kumaliza dozi. Wavutaji sigara na wanaofanya kazi kwenye vumbi la machimbo ya mawe wawe waangalifu zaidi. Wanaohitaji matibabu ya kibingwa huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta (KUTRRH) au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Maswali ya kumuuliza daktari

• Ugonjwa uko hatua gani, na ni wa aina gani?
• Matibabu haya yanalenga kuponya, au kuongeza muda na kupunguza maumivu?
• Bila matibabu haya, hali itakuwaje?
• Gharama ni kiasi gani, na SHA italipa ngapi?

Familia iulize maswali haya kabla ya kuuza mali. Ambaye hajajisajili na SHA anaweza kupiga *147#.