Mwacheni Mama Ainame

Wadogo zangu, leo tuongee kuhusu miguu ya mama zetu. Mnajua hali yenyewe: mama akitembea kidogo, miguu inakufa ganzi, inawaka moto, inaishiwa nguvu. Akikaa dakika chache, anainuka mzima. Jirani atasema ni uzee, mwingine atasema amekanyaga kitu.

Mara nyingi ni mfereji wa uti wa mgongo uliosinyaa pale kiunoni. Umri ukisogea, diski hutokeza, viungo vya pingili hutanuka, kano hunenepa, na mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni inabanwa. Akisimama wima, inabanwa zaidi. Akiinama mbele, inapata nafasi. Ndiyo maana mnamwona sokoni ameegemea meza ya muuza nyanya kwa viwiko. Msimkemee, "Mama, nyooka!" Anajitibu.

Kwanza mpelekeni kwa daktari athibitishe, maana mishipa ya damu ikiziba nayo huumiza miguu njiani. Ila maumivu hayo ya mishipa ya damu kwa kawaida hutulia hata akisimama tu.

Na msidhani dawa ni kisu peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 169: baada ya miaka 2, waliopangiwa upasuaji na waliopangiwa fiziotherapia walikuwa karibu sawa katika kumudu shughuli zao. Ni kweli, zaidi ya nusu ya kundi la mazoezi waliishia kupasuliwa, lakini wengine walimudu bila kisu. Kuanza na mazoezi ni uamuzi wa busara.

Nyumbani fanyeni hivi. Alale chali, avute magoti kifuani taratibu, ayashikilie kidogo, ayaachie, arudie. Atembee kila siku, ila apumzike kabla maumivu hayajapanda, si baada. Baiskeli ya mazoezi inamfaa, kwa kuwa anaiendesha ameinama. Akipiga pasi, mguu mmoja aupandishe kwenye kigoda. Shusheni kamba ya kuanikia nguo ifike kifuani mwake, kwani kunyoosha mikono juu kunampinda mgongo nyuma, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Ndoo ya maji kichwani, bebeni ninyi. Usiku alale ubavu, mto katikati ya magoti.

Diklofenaki za kununua duka la dawa kila wiki, hapana, hasa kama ana presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Sindano ya mgongoni huweza kutuliza kwa muda, lakini haipanui mfereji.

Sasa nisikilizeni vizuri. Akishindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo ukigoma kutoka, akifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mguu ukizidi kulegea, msichue, msisubiri kliniki ya Jumatatu. Tafuteni gari, mpelekeni hospitali usiku huohuo, kwa sababu hapo upasuaji wa haraka ndio unaoweza kuiokoa mishipa yake.