Kitindamlo Jikoni Mwetu: Keki Zilizoumuka na Zilizozama

Mimi ni mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili, niko Kidato cha Tatu, na nyumbani ni hapa hapa Mukumu, upande wa barabara kuu iendayo Kisumu. Mhariri aliponiomba makala ya somo, wenzangu walikuwa wamekwisha chukua ngeli, methali na tamathali za usemi. Mimi nikabaki na keki. Usicheke kwanza, msomaji. Keki imenifunza Kiswahili, fizikia na kemia kwa pamoja, tena kwa ukali kuliko kiboko.

Tuanze na neno lenyewe. Chakula kitamu kinacholiwa baada ya mlo tumefunzwa kukiita kitindamlo. Wengi hulikariri neno hili kwa ajili ya mtihani tu bila kuliangalia vizuri. Kutinda ni kukata au kukomesha. Ndiyo maana mtoto wa mwisho huitwa kitinda mimba, kwani baada yake mama hazai tena. Basi kitindamlo nacho ni kitinda mimba wa chakula, kinachofunga safari. Kwetu, kusema kweli, mlo hukatwa na maji ya kunawa mikono, na mgeni akija labda hukatwa na ndizi mbivu. Lakini likizo ya Agosti iliyopita niliamua kwamba nyumba yetu nayo itakuwa na vitindamlo.

Sababu haikuwa ulafi. Mama yangu hukaanga maandazi na kuyauza Khayega. Kila asubuhi hukanda pakiti mbili za unga wa ngano, yaani kilo nne, na kutoka katika hizo kilo nne ndipo hutoka sabuni, mafuta ya taa na sehemu ya karo yangu. Shida ni kwamba hapo Khayega kila hatua kumi kuna mama mwingine na karai lake, na andazi la huyu halina tofauti na la yule. Nikamwambia, "Mama, nikikupatia kitu ambacho hakuna mwingine anakiuza, si wateja watakuja kwetu?"

Mama alinitazama kwa muda. "Unga ni wangu, makaa ni yangu, na karo ni yako," akasema. "Ukiharibu, tumeharibikiwa wote."

Jumamosi ya kwanza nilianza na keki ya kawaida. Oveni hatuna, kwa hiyo nilifanya kama wanavyofanya wengi: sufuria kubwa yenye mchanga chini, ndani yake sufuria ndogo yenye rojo la keki, mfuniko juu, na makaa juu ya mfuniko. Maelezo niliyanakili kutoka daftari la jamaa yetu mmoja aliyeishi Mombasa miaka mingi. Yalisema vikombe viwili vya unga na vijiko vitatu vya chai vya beking pauda. Mimi, kwa kujua sana, nikaongeza kijiko cha nne ili iumuke vizuri.

Iliumuka, wallahi! Nilichungulia baada ya dakika kumi na tano nikaona imefika juu kabisa ya sufuria. Nikaita watu waje waone. Tulipofunua tena, katikati palikuwa pamezama kama dimbwi la barabara yetu wakati wa mvua, na chini palikuwa peusi kama mkaa wenyewe. Ndugu yangu mdogo akauliza kama hiyo ni keki au ni sahani ya kuwekea keki.

Makosa yalikuwa matatu, na mawili niliyajua papo hapo. La kwanza ni moto. Nilikuwa nimerundika makaa chini na kuweka machache juu, ilhali inatakiwa kinyume chake. Joto la chini hugusa sufuria moja kwa moja na kuunguza, na la juu lazima lipite kwenye mfuniko na hewa kabla ya kufika kwenye keki. Siku hizi huweka makaa machache chini na mengi juu. La pili ni kufunua funua. Keki ambayo haijakauka ndani hushikiliwa na hewa moto tu, na ukiiingizia baridi hunywea.

Kosa la tatu nilielezwa na mwalimu mmoja wa fizikia shule zilipofunguliwa, na hili ndilo lililonifurahisha. Daftari lile lilitoka Mombasa, mji ulio kando ya bahari. Sisi huku Kakamega tuko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua. Maji ya Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, na yetu huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Gesi inayotolewa na beking pauda nayo, kwa kuwa haikandamizwi sana na hewa ya nje, huvimba upesi kuliko ingevimba pwani. Keki inapanda haraka kabla ukuta wake haujashika, halafu inaanguka. Dawa ni kupunguza beking pauda kidogo na kuongeza kimiminiko kidogo, kwa sababu huku juu maji hukauka haraka. Hapo niliona kijiko changu cha nne kilikuwa ujinga juu ya ujinga.

Hapa nisimame nitoe somo dogo la msamiati, maana mwalimu wetu mlezi atanikemea nisipofanya hivyo. Nimesikia bwenini watu wakisema "kubeki keki". Jamani! Tunalo neno kuoka, nalo ni kuivisha kwa joto kavu, katika tanuri au juu ya makaa. Kuivisha ndani ya mafuta ni kukaanga. Kuivisha kwa maji ni kuchemsha au kutokosa. Kwa hiyo keki huokwa, andazi hukaangwa. Tena unga wenye chachu huumuka wenyewe, nawe mwokaji unauumua. Ukisema "nimeumuka unga" unamaanisha kwamba ni wewe uliyevimba. Na neno andazi lenyewe limetokana na kuandaa.

Turudi jikoni. Jioni ile ile nilijaribu mkate wa sinia, ule wa wali wa watu wa pwani. Mchele nilikuwa nimeuloweka tangu usiku, nazi nilinunua Kakamega mjini, nikasaga, nikatia sukari, iliki na hamira. Nikangoja. Saa moja, saa mbili, kimya. Lile rojo lilikaa tuli kama maji ya kisima. Kumbe tui nililitia likiwa linafuka moshi. Hamira si unga mfu kama beking pauda. Ni viumbe hai vidogo mno ambavyo hula sukari na kutoa gesi, navyo hupenda uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40. Ukivimwagia kitu cha nyuzi 60 au zaidi umeviua vyote. Siku hizi hujaribu kwa kidole: nikiweza kukiacha ndani bila kushtuka, hamira nayo itavumilia. (Hamira ni neno la Kiarabu lenye maana ya chachu, na mahamri tunayokula kwa mbaazi yamezaliwa kutoka katika mzizi huo huo. Mtu akitengeneza mahamri bila hamira, atafute jina lingine.)

Jumapili ndiyo siku ninayotaka kuwaeleza, ingawa sipendi kuikumbuka. Baada ya Misa unga wangu wa majaribio ulikuwa umekwisha. Pakiti mbili za Jumatatu zilikuwa kabatini. Nikajiambia nitachukua moja, keki itafaulu, nitaiuza kwa majirani na kuirudisha kabla Mama hajajua. Mama alikuwa ameenda kumwona Kukhu, ambaye ni bibi yangu mzaa baba.

Beking pauda nayo ilikuwa imeisha, na hapo ndipo nilipopata wazo nililoliona la kitaalamu sana. Kwetu tuna ile chumvi ya majivu, musherekha, ambayo tunatilia mboga kama murere ili zilainike. Niliwahi kusikia kwamba ni kama magadi. Nikafikiri, magadi huinua maandazi, basi hii nayo itainua keki. Nikakoroga nusu kikombe kizima pamoja na ndizi, maji, sukari na karibu kilo mbili za unga. Zote!

Ilitoka kitu cha rangi ya kahawia nzito, kigumu, chenye ladha ya sabuni ya kipande. Hata kuku waliizunguka. Mwalimu wa kemia alinieleza baadaye kwamba majivu hutoa chumvi za potasiamu, nazo ni za besi. Besi peke yake haitoi gesi ya kutosha. Inahitaji asidi ya kupambana nayo, kama maziwa mala au limau, ndipo kaboni dioksidi itoke na kuinua unga. Na ikizidi asidi, ile besi inayobaki ndiyo unayoionja kama sabuni. Ndizi zangu zilikuwa na asidi kidogo mno kwa mzigo ule.

Mama alirudi magharibi. Hakupiga kelele. Alifungua kabati, akaona pakiti moja, akaona lile jiwe langu mezani, akafunga kabati. Asubuhi alikanda kilo mbili tu. Nilienda naye kumsaidia kubeba. Kufikia saa moja maandazi yalikwisha, na vijana wa bodaboda waliokuwa wakija kila siku walipofika wakakuta karai tupu. Mmoja akasema, "Mama, leo umetutupa," wakavuka barabara kwa mwenzake. Wawili kati yao hawakurudi wiki ile yote. Njiani Mama aliniambia jambo moja tu: "Kama ungeniomba, ningekupa nusu."

Kwa siku nne sikugusa sufuria. Kisha Ijumaa ni yeye mwenyewe aliyeniuliza, "Kwani ulikuwa unafikiri kumaliza hivyo?" Akanipimia vikombe viwili vya unga kwa mkono wake.

Safari hii nilianza na kaimati, kwa sababu zinakaangwa, na karai tulikuwa nalo. Hizi ni vile vijidonge vya unga na hamira vinavyokaangwa na kuviringishwa katika shira ya sukari. Jina linatokana na Kiarabu, nalo lina maana ya vitonge vidogo. Kaimati zilitoka nzuri, nyepesi, za mviringo. Shira ndiyo iliyoniangusha: ilipopoa iligeuka chengachenga kama sukari ya mkebeni. Jaribio la pili nilitia matone ya limau wakati wa kuchemsha. Asidi huvunja sukari ya kawaida kuwa sukari mbili nyepesi, na mchanganyiko huo haugandi ovyo. Ilibaki ikimetameta hadi jioni. Hilo nalihesabu kuwa ushindi, ingawa Mama alisema mteja wa Khayega hatakubali kununua kitu kinachomshika vidole halafu ashike usukani wa pikipiki. Ni kweli.

Ushindi wenyewe ulitoka shambani. Agosti kwetu viazi vitamu, au mapwoni kama tuviitavyo, havikosekani. Nilifikiri: nikipunguza unga nikatia viazi, gharama itashuka. Mara ya kwanza nilitia nusu kwa nusu, nikapata kitu kama ugali mtamu. Viazi havina ile gluteni ya ngano inayojenga kuta za kushika gesi. Mara ya pili nikatia theluthi moja, na hapo mambo yakajipa.

Anayetaka kujaribu afanye hivi. Unga vikombe viwili, viazi vilivyochemshwa na kupondwa laini kikombe kimoja, sukari nusu kikombe tu kwa kuwa viazi vina utamu wao, mayai mawili, mafuta robo kikombe na kidogo juu yake. Tia maziwa mala robo tatu ya kikombe, beking soda nusu kijiko cha chai (nusu, nasema, mimi ndiye ninayejua!), chumvi kidogo na iliki. Chekecha unga na soda pamoja, changanya vya majimaji kando, kisha viunganishe bila kukoroga sana. Peleka motoni mara moja, maana mala na soda vikishakutana gesi huanza kutoka na haimngojei mtu. Makaa machache chini, mengi juu. Usifunue kabla ya dakika 30. Chovya kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

Mama alikata vipande kumi na sita akavibeba pamoja na maandazi, bila kuahidi chochote. Vipande kumi na vinne viliuzwa. Kimoja alionjeshwa mama wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuja kuuliza, na kimoja Mama alinirudishia nikile. Sasa huioka Jumatano na Jumamosi tu, kwa kuwa makaa yake ni mengi kuliko ya maandazi na faida bado ni nyembamba. Ile pakiti ya Jumapili nimekwisha ilipa. Ya Jumamosi ya kwanza bado nadaiwa.

Likizo ya Desemba nakusudia kurudia mkate wa sinia, na tui nitalipoza kwanza. Mwenye swali, au mwenye maelezo ya halua aliyoyajaribu kwa mkono wake mwenyewe hapa kwetu juu wala si pwani, anitafute Ijumaa jioni kwenye mkutano wa chama.