Kufinya sikio juu ya alerji ya musimu: inasaidia wapi, inashindwa wapi?



Kiangazi kikifika, tukianza kupiga maharagi na kupukusa mahindi, wengi wetu tunapiga chafya, macho yanawasha, pua inatoka maji. Si kila mara ni mafua ya kawaida. Mafua yanaweza kuleta homa, na mara nyingi yanaisha nyuma ya siku saba hivi. Alerji haina homa, inarudia kila musimu, na inazidi ukiwa karibu na vumbi ao unga wa maua ya majani. Ni mwili unapigana na kitu ambacho watu wengine wanakivuta bila shida.

Kufinya sikio ni nini?
Kule China, waganga wanabandika kwenye sikio mbegu ndogo nyeusi kwa plasta, na mugonjwa anaifinya kwa kidole mara kadhaa kwa siku. Mbegu hiyo inatoka kwa jani linaloota katikati ya ngano. Huko Ufaransa, miaka ya 1950, munganga Paul Nogier wa Lyon alichora ramani ya sikio: alisema kila sehemu ya mwili iko na nafasi yake pale.

Inaponyesha?
Katika majaribio fulani wagonjwa walisikia nafuu ya pua. Lakini majaribio hayo ni machache na madogo. Ukipenda kujaribu, finya kwa kidole, polepole. Usitoboe na sindano, usiingize mbegu ndani ya tundu la sikio.

Kinachosaidia zaidi
1. Wakati wa kupiga maharagi, simama upande upepo unatokea, vumbi liende mbali nawe.
2. Funga kitambaa safi kwenye pua na kinywa.
3. Ukimaliza, oga na badilisha nguo mbele ya kulala.
4. Kausha mavuno vizuri: ukungu unaongeza vumbi baya.

Angalisho
Kifua kikibana ao kikipiga filimbi, usibaki unafinya sikio. Enda mbio kwa kituo cha afya. Na macho yakiwasha nyuma ya kupuliza dawa ya wadudu, usiseme ni alerji: osha na maji mengi, kisha enda kwa munganga.

Kwa mukutano unaokuja
Tuulizane: katika koperative yetu, nani anabaki ndani ya vumbi siku zote? Nani anaweza kumupokea kazi ile, yeye apewe kushona mifuko ao kupima kilo?