Tuujue Mji wa Tukuyu

Leo tunajifunza jiografia ya Tukuyu. Wengi wetu tunafika pale kuuza ndizi, lakini mgeni akituuliza habari za mji tunaishia kusema, "Ni mji wa mvua." Ni kweli, ila hebu tuone kwa nini.

Tukuyu ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Uko kusini ya Mbeya mjini, mwendo wa kilometa 70 hivi, katika barabara itokayo Uyole kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Wajerumani waliweka boma lao hapo na kuuita Neu Langenburg. Jina hilo limekufa, na hata kulitamka ni kazi.

Sasa chukueni penseli. Tukuyu iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko karibu meta 500. Mkitoa mtapata 1,000, yaani kilometa nzima ya kupanda. Upepo wenye unyevu ukitoka ziwani hukutana na milima, hupanda, hupoa, na maji yake huanguka kama mvua. Ndiyo maana Kyela kuna joto na mpunga, na sisi huku tuna baridi, chai na migomba.

Juu ya mji umesimama Mlima Rungwe, karibu meta 2,960. Huo ni mlima wa moto uliolala. Majivu yake ya zamani ndiyo udongo wetu mweusi wenye rutuba. Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira nalo ni mwamba uliotokana na moto huo. Katika msitu wa mlima yuko kima aitwaye kipunji. Wataalamu walimwona mwaka 2003, ingawa wawindaji wetu walimjua zamani.

Msitu huo ndio unaohifadhi maji ya chemchemi zetu. Tukilima mpaka ukingoni, mvua hushusha udongo mtoni, na kiangazi chemchemi hupungua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu meta moja. Basi kesho mkienda kuteka maji, hesabuni hatua kutoka chemchemi mpaka mgomba wa kwanza, mwandike jibu daftarini.