Homoni za Thairoidi Baada ya Tezi Kuondolewa: Funzo Kutoka kwa Panya wa Maabara

Tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, hutengeneza homoni mbili: thairoksini (T4) na T3. T4 ni akiba. Ini, figo na viungo vingine huibadili kuwa T3, ambayo ndiyo hasa hufanya kazi ndani ya seli. Tezi inapoondolewa kwa upasuaji, uzalishaji hukoma, lakini akiba haiishi siku hiyohiyo.

Katika panya wa maabara, nusu ya T4 hutoweka mwilini katika muda usiozidi siku moja hivi. Kwa binadamu huchukua takriban siku 7. Kadiri T4 inavyopungua, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huzidisha homoni ya TSH ili kuihimiza thairoidi ambayo haipo tena. Hivyo vipimo huonyesha T4 ya chini na TSH ya juu. Panya asiyetibiwa hupoa mwili, moyo wake hupiga polepole, na akiwa mchanga hudumaa.

Mwaka 1995 watafiti wa Madrid, Hispania, walichapisha matokeo ya kuwapa T4 pekee panya walioondolewa tezi. Hakuna dozi hata moja iliyorejesha homoni katika hali ya kawaida kwenye damu na viungo vyote kwa pamoja. Hata hivyo, matokeo hayo hayahamishwi moja kwa moja kwa binadamu, kwani thairoidi ya panya hutoa sehemu kubwa zaidi ya T3 ya mwili. Kwa wagonjwa, levothairoksini, yaani T4, ndiyo tiba ya kawaida.

Funzo kuu ni la muda. Mgonjwa aliyeondolewa tezi yote anaweza kujiona mzima wiki ya kwanza bila dawa. Anaishi kwa akiba, na akiba hiyo inakwisha. Asiache vidonge pasipo agizo la daktari, hata akiwa mjamzito. Avimeze kwa maji kabla ya kula, nusu saa hadi saa moja, na avitenganishe na vidonge vya kalsiamu au madini ya chuma kwa saa 4. Mhudumu naye apime TSH baada ya wiki 6 hadi 8 tangu dozi ianze au ibadilishwe. Kipimo cha mapema zaidi huweza kupotosha.