Kanuni na Orodha: Mofolojia ya Taratibu za Kusoma na Kubadili Thamani katika Java

Makala haya yanachunguza taratibu ambazo programu-jalizi za vihariri matini huwaandikia waundaji wa programu za Java. Kaida ya JavaBeans ya mwaka 1997 huambika “get” kwenye jina la uga ili kusoma thamani yake, na “set” ili kuibadili. Uga “name” huzaa “getName” na “setName”. Ipo hata alomofu: uga wa aina ya “boolean” huweza kuchukua “is” badala ya “get”.

Kwa kuwa maumbo haya hubashirika, chombo huyazalisha bila shida. Hata hivyo, yakishazalishwa hubaki katika matini, na hulazimu kusomwa na kutunzwa. Kamusi ya Kiswahili huorodhesha “soma”. Haiorodheshi “ninasoma” wala “utasoma”, kwani sarufi huyazalisha. Java ilifuata njia hiyo mwaka 2021, toleo la 16 lilipoidhinisha rekodi, ambazo taratibu zake za kusoma huundwa na kompaila, tena bila kiambishi “get”.

Kwa hiyo, programu-jalizi hurahisisha uandishi tu; kanuni iliyo timilifu hustahili kukaa katika sarufi ya lugha yenyewe.