SOMO LA KUMI NA MBILI: KIZAZI KINAPOSHUKA

Somo hili ni la wanawake na wanaume.

Siku moja baada ya darasa, mama mmoja alibaki nyuma. Alisema ana kitu kinachotokeza ukeni kila anapobeba maji. Alikaa nacho miaka minane bila kumwambia mumewe. Alidhani amerogwa. Hakurogwa. Kizazi chake kilikuwa kimeshuka.

Kizazi hushikwa na misuli na kano, kama kikapu kinavyoning'inia kwa kamba. Kuzaa mara nyingi, kubeba mizigo mizito na umri hulegeza kamba hizo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 kutoka vijiji vya Kilimanjaro ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wanawake waliopimwa walikuwa na hali hii kwa kiasi fulani. Wengi hukaa kimya tu.

Kikishuka kidogo, si lazima upasuliwe. Utafundishwa kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo. Au utawekewa pete ya mpira ukeni, ikishikilie kizazi.

Kikitoka nje na kukusumbua, daktari anaweza kupasua. Mara nyingi hupitia ukeni, bila kukata tumbo. Hutoa kizazi, kisha hushona kuta za uke zilizolegea. Mama anayetaka kuzaa bado aseme mapema, maana kizazi chaweza kuachwa na kufungwa juu kwa nyuzi. Njia nyingine hupitia tumboni: kizazi au uke huvutwa juu na kufungwa kwenye mfupa ulio chini ya mgongo. Kwa bibi ambaye hatakutana tena na mwanamume, uke waweza kushonwa ufungwe. Upasuaji huo ni mwepesi kwake, lakini hawezi tena kuingiliwa. Basi aulizwe yeye mwenyewe, si mwanawe wala mkwewe.

Je, hali hii yaweza kurudi? Ndiyo, kwa wengine hurudi.

Wanaume, hapa sikilizeni. Mama akitoka hospitali, asibebe ndoo wala kuni kwa wiki sita hivi, wala msikutane kimwili. Ninyi ndio mtakaoteka maji. Najua wengine watacheka kisimani. Waache wacheke.

Ukiona damu au kidonda, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini yule mama alinyamaza miaka minane?
2. Mama anayetaka kuzaa bado amwambie nini daktari?
3. Nyumbani kwako, nani atateka maji wiki hizo sita?